KARAKANA ILIYOTULEA



Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973. Sisi tuliokwenda huko miaka mingi baadaye kutoka shule hii, tulifika tukijua tupa: kubana chuma kwenye jiliwa, kukisugua, kukiwekea guni na kukitazama mwangani. Mwanga ukipenya, kazi bado. Leo nakagua michoro ya madaraja serikalini, na sheria yangu ni hiyo hiyo.

Lakini asubuhi hii nimekuta wanafunzi sita kwa jiliwa moja. Tupa haifunzwi kwa kutazama. Naomba kila mmoja wetu alete jiliwa moja kabla ya mkutano ujao. Langu nimekwisha kulikabidhi.