Dizeli Nyekundu na Ngalawa Zetu

(Maelezo niliyoyatoa mbele ya jumuiya yetu, Thamesmead, London. Nimeyaweka kama nilivyoyasema ili na walioko nyumbani wayasome.)



Najua kuna waliocheka walipoiona mada. Mashua za starehe zinatuhusu nini sisi? Thamesmead ina maziwa ya Southmere na Birchmere, na mto Thames uko mlangoni, lakini wengi wetu chombo tunachokipanda hapa ni basi. Nivumilieni. Nitazungumzia watu wanaojua kuisemesha Serikali kuhusu mashua zao, kisha nitauliza kwa nini sisi hatufanyi hivyo.

Uingereza ina chama cha wenye mashua za starehe, Royal Yachting Association, kilichoanza mwaka 1875. Kazi yake inayojulikana ni mafunzo ya kuendesha mashua. Kazi nyengine, isiyoonekana sana, ni kufuatilia miswada na kanuni zinazogusa vyombo vya wanachama wake.

Nitoe mfano. Nchi hii kuna dizeli iliyotiwa rangi nyekundu, ambayo ushuru wake ni mdogo. Kwa miaka mingi wenye mashua za starehe waliitumia. Umoja wa Ulaya ukataka anayejistarehesha alipe ushuru kamili, na msamaha wa Uingereza ukamalizika tarehe 31 Disemba 2006. Chama kilipigania msamaha ule na kwenye bei kikashindwa: kuanzia Novemba 2008 dizeli ya kuendeshea mashua ya starehe ikatozwa ushuru kamili.

Lakini kulikuwa na hoja ya pili. Bandari nyingi ndogo zina tangi moja tu la mafuta. Zikilazimishwa kuuza dizeli nyeupe kwa wa starehe na nyekundu kwa wavuvi, nyengine zitaacha kumuuzia mmoja wao, na mtu atasafiri bila kujua atajaza wapi. Hoja hiyo ikasikilizwa. Dizeli nyekundu ikaendelea kuuzwa, na mnunuzi akawa anataja mwenyewe kiasi gani ni cha injini na kiasi gani cha kupashia moto chomboni. Idara ya kodi ikakubali kipimo cha asilimia 60 kwa 40.

Oktoba 2018 Mahakama ya Ulaya ikasema Uingereza imekosea. Mjadala haukufa. Serikali ilipopunguza wanaoruhusiwa kutumia dizeli hiyo, kuanzia Aprili 2022, mashua za starehe ziliachwa nayo, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, ambako injini zao zilizuiwa mwaka 2021.

Ndugu zangu, tazameni namna yao. Walijua kipi wanaweza kukipoteza na kipi hawawezi. Walileta habari ambayo ofisa aliyekaa London hana, yaani habari za tangi. Na walirudi tena na tena, miaka zaidi ya kumi.

Mtaniambia hao ni matajiri. Wengi wao ndiyo, na pesa hufungua milango, silikatai. Lakini hoja ya tangi haihitaji pesa. Anayeijua ni mtu anayejaza mafuta bandarini.

Sasa twende kwetu. Chombo kile kile cha pwani ya Unguja leo kinavua, kesho kinatembeza watalii, sikukuu kiko kwenye resi za ngalawa. Sheria ikiite nini: cha kazi, cha abiria au cha starehe? Jina hilo ndilo linaloleta leseni, ukaguzi na ada. Baada ya Spice Islander 2011 na Skagit 2012, hakuna mwenye akili atakayepinga sheria kali za usalama. Tumezika watu wetu. Lakini kanuni iliyotungwa kwa kufikiria meli ya abiria, ikimwangukia mwenye ngalawa ya tanga, itamtoa baharini bila ya kumwokoa mtu.

Haki ya kusema tunayo. Katiba ya Muungano, ibara ya 21, inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Kenya, ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma. Wavuvi wa Lamu, kwa sababu ya bandari mpya, walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 ikaamua kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Huo ulikuwa ushindi, lakini ulikuja baada ya ujenzi kuanza.

Sisi tulioko huku tuna mtandao na tuna waliosoma sheria. Tunachokifanya ni kulaumiana usiku kucha. Napendekeza jumuiya ichague watu watatu. Mswada wowote unaogusa bahari ukitoka, wawapigie simu wenye vyombo kwanza, wawasikilize, kisha waandike ukurasa mmoja: kifungu namba fulani, kinamuumiza nani, badala yake kiandikwe hivi. Upelekwe kabla ya siku ya mwisho ya maoni, na kwa jina la wenye vyombo. Bahari ni yao, sisi tuwe makarani tu.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha. Anayepinga apinge, lakini aje na kifungu.