Tushuke Steji, Tutembee
(Maneno ya kamati ya maendeleo kwa vijana, akina mama na wazee, baada ya ibada)



Tuliombwa tuseme juu ya matembezi. Jambo hili lilipotangazwa, mzee wetu mmoja alicheka akauliza, "Yaani mtu alipe nauli ili akatembee kwa miguu?" Swali ni zuri. Sisi hapa tunatembea kila siku, kisimani, sokoni, shambani. Tukimwona mtu na mfuko mgongoni ameshuka matatu aingie porini, tunasema huyo ni mgeni, ama hana kazi.

Lakini hebu tuangalie. Matatu za Mombasa na Malindi zinapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kutwa kucha. Tuliwauliza vijana wetu nani amewahi kuingia ndani. Mikono iliyoinuka ilikuwa ya wale waliofuata kuni. Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ndani yake yuko sange mkubwa mwenye rangi ya dhahabu nyuma, ambaye karibu wote waliobaki duniani wako humu. Yuko pia bundi mdogo wa Sokoke, ambaye nje ya pwani yetu anajulikana katika milima ya Usambara, Tanzania. Watu wanapanda ndege kutoka Uingereza kuja kumtafuta bundi huyo. Sisi tunapita hapo na matatu, tumelala.

Basi tuseme njia yenyewe. Shukeni steji ya Gede, kama kilomita 16 kabla ya kufika Malindi. Makanga mwambieni mapema, maana wengine wakishapokea nauli wanasahau kwamba abiria ana mahali pa kushuka. Kutoka hapo mnafuata barabara ya Watamu kwa miguu, halafu mnaulizia magofu. Ni karibu. Huo ni mji wa mawe wa Waswahili waliokaa hapo kwa karne kadhaa hadi karne ya 17, wakauacha. Kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, makaburi ya nguzo na visima. Bwana James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na vikaonekana vyombo vya kutoka Uchina. Mwaka 2024 UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia. Bebeni vitambulisho, maana kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni, na chakula kishikeni vizuri, kima wa pale hawana adabu.

Hapo hapo Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaokaa kando ya msitu wanafuga viwavi vya vipepeo, na vikishajifunga huuzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Akina mama, huo mradi uangalieni kwa makini kuliko magofu. Mti wa msituni ukikatwa unauzwa mara moja tu, lakini kipepeo hutaga tena.

Kuingia msituni mnarudi barabara kuu na kwenda kidogo upande wa Mombasa, hadi kituo cha msitu cha Gede. Hapo tunasisitiza: msiingie bila mwongozaji. Ndovu wako, hatusemi hivyo kuwatisha watoto. Tena mwongozaji ni kijana wa hapa hapa, anayejua jina la kila mti kwa Kigiriama, na pesa mnayompa inalala kijijini. Mgeni aletwaye na gari la hoteli anashuka, anapiga picha, anapanda tena. Hata soda hanunui. Anayekuja kwa matatu lazima anywe chai mahali, anunue maembe, aulize njia.

Mbele zaidi, upande huo huo wa Mombasa, kuna hori ya Mida na mikoko yake. Kuanzia Agosti hadi Aprili hivi, ndege wa maji wanakuja hapo kutoka Ulaya na Asia kula kwenye matope. Mwaka 2001 ndugu zetu wa A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la kutunza mazingira, walianzisha mpango ambao kiingilio cha daraja la miti lililopita juu ya mikoko kilisaidia kulipa karo ya sekondari kwa watoto wa familia za kando ya msitu. Kwa hiyo anayesema matembezi hayaleti ugali aulize wazazi wa watoto hao.

Sasa ufuo. Hapa wazee wetu wavuvi ndio walimu, sisi tunarudia tu walivyotufundisha. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, na hujaa kama saa kumi alasiri. Tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kufika karibu mita 4. Maji yakipwa pale Watamu, vile visiwa vya mawe vya ghubani unavifikia kwa miguu. Lakini mkisahau saa, maji yatawakuta chini ya majabali hamna pa kupandia. Kila siku nyakati husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haifai wiki hii. Siku za maji mafu sisi tungeacha ufuo, twende msituni.

Na kuna jambo linalotuuma. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Vizuri. Lakini ufuo ukiwa wa umma na kijia cha kuufikia kimezibwa, mwananchi atashukia wapi, mbinguni? Katika sehemu kadhaa za pwani yetu, vijia walivyopita akina mama na beseni za samaki vimebaki kati ya kuta mbili, halafu vikawekwa geti, na sasa kuna askari anayeuliza unamtafuta nani. Ilianza polepole, wakati watu walipoacha kupita. Njia isiyo na nyayo, mwenye ploti huiona ni shamba lake.

Ndiyo maana tunataka kutembea kwa vikundi, na daftari. Kila kijia kiandikwe: kinaanzia steji gani, kinafika wapi, kiko wazi au kimefungwa, wazee wanakiitaje. Ukuta wa mtu hatutaubomoa, na askari wa geti hatutagombana naye, yeye ni mwajiriwa tu. Orodha itapelekwa kwa chifu na kwa ofisi ya ardhi ya kaunti, kwa maandishi, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo tumeshapeleka mengi, nayo yaliishia mlangoni.

Matembezi ya kwanza ni Jumamosi ya mwezi mpevu ujao, kwa sababu ya maji. Tunakutana steji saa kumi na mbili unusu asubuhi. Kila mtu nauli yake, chupa ya maji, kofia na viatu vya kufunga. Ndala zitakatikia kwenye mawe. Wasichana watembee kati ya kundi, na mzazi anayetaka kuja anakaribishwa sana. Asiye na nauli amwone katibu kwa siri, kuna kitu kidogo kwenye mfuko. Mzee aliyetucheka naye amekwisha kuandika jina. Anasema kuna kijia kimoja anachokijua yeye tu, na anataka kukionyesha kabla miguu haijamkatalia.