Mugonjwa akitoka bloki

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mabanga



Tangu turudi Mabanga, wengi wetu tumekaa kwenye benchi ya hospitali: wengine sababu ya vita vya mwezi wa kwanza 2025, wengine sababu ya mama kuzalishwa kwa kupasuliwa. Tunangojea mugonjwa atoke bloki, na akitoka, tunashituka.

Anaweza kusema maneno isiyo na kichwa. Huku wanatumia sana ketamini, dawa ya usingizi isiyoomba mashini nyingi, lakini inaletaga ndoto. Mwenzetu mmoja aliamuka anaita bibi yake aliyekufa zamani, shemeji akaanza kufukuza mapepo pale kitandani! Kumbe ni dawa. Mumwache atulie, pasipo makelele, akili itarudi.

Atatetemeka, pengine atatapika. Atalilia maji, na hapa ndipo tunakoseaga: mama anamuonea huruma, anamupa uji. Mutu angali na usingizi, akitapika ule uji unaweza kuingia katika mapafu. Muulize muuguzi kwanza, hata kama analia.

Aliyepasuliwa tumbo, muuguzi atamuuliza kama amejamba. Musicheke: ni alama kwamba matumbo yameanza kazi. Na wanaume, semeni maumivu. Mutu anayeogopa kukohoa sababu ya maumivu, mapafu yake inaweza kugonjwa.

Sasa wale wa risasi na bomu. Kidonda kinaachwaga wazi makusudi, chini ya bandeji kubwa. Kisha siku 4 ao 5 wanamurudisha bloki. Wakikuta ni safi, ndipo wanashona. Ndivyo CICR, wenye walipasua majeruhi pale CBCA Ndosho, wanafundisha upasuaji wa vita. Ndugu mumoja aliona vile, akasema: «Munganga amesahau kushona!» Akataka kumutorosha mugonjwa usiku, apeleke kwa mwenye kushona. Tulimuzuia mulangoni. Kidonda cha bomu kikishonwa mbio, uchafu unabaki ndani na kuoza.

Lakini damu ikizidi kupita bandeji, pumzi ikiwa nguvu, mukojo ukikosa, ao vidole vikiwa baridi chini ya plasta, musingoje asubuhi. Muamushe muuguzi, hata akikasirika.

Mwenye kuwa na mugonjwa wa kupasuliwa ajulishe komite mbele ya siku ile, tupange zamu ya kulala naye. Blanketi tuko nazo. Sahani na termosi, kila mutu alete zake.