Usaha Katika Kiungo Hausubiri Kesho



Tangu lilipopata Uhuru mwaka 1961, Taifa hili lilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mara nyingi maadui hao huhesabiwa mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja ana kambi yake. Lakini yako maradhi yanayoshinda kwa sababu tu ujinga na umaskini umeyafungulia mlango na kuyapa muda. Mojawapo ni ugonjwa wa usaha katika viungo vya mifupa, yaani goti, nyonga, bega na vinginevyo. Katika ugonjwa huo, kinachoamua kama mgonjwa atatembea vizuri au atachechemea maisha yake yote si aina ya dawa peke yake, bali pia ni saa ambayo dawa hiyo imetolewa.

Chukulia mfano wa mtoto wa darasa la tatu katika kijiji chochote cha miteremko ya Kilimanjaro, iwe Kibosho, Machame, Marangu au Rombo. Siku ya Jumatatu anaanguka akitoka shule. Jumatano goti limevimba, lina moto, na mwili wote una homa. Nyumbani inasemekana kwamba ameteguka. Goti linachuliwa kwa mafuta. Alhamisi vinanunuliwa vidonge vinne dukani. Homa inapungua kidogo, na wazazi wanafarijika. Jumanne ya pili mtoto hawezi kukanyaga chini, naye anateremshwa Moshi mjini kwa haraka. Kila aliyemgusa mtoto huyo alimtakia mema, na kila mmoja alimpotezea siku.

Ni vema ieleweke kinachotokea ndani ya goti hilo. Vijidudu, na hasa vile vinavyoitwa stafilokoka, huingia katika kiungo kwa njia ya damu, jeraha, sindano au upasuaji. Kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu, salmonela nao ni adui wa kuogopwa. Vikishaingia, vijidudu hivyo hujikuta katika chumba kilichofungwa. Mwili hupeleka askari wake kupigana, na vita hivyo vyenyewe huliyeyusha gegedu, yaani ule utando laini unaoiwezesha mifupa kuteleza bila kusagana. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba uharibifu huo huanza katika muda wa saa chache. Gegedu likishaliwa, haliwezi kuota tena kama lilivyokuwa. Katika nyonga ya mtoto hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa shinikizo la usaha laweza kuuzuia mkondo wa damu uendao kwenye kichwa cha mfupa wa paja.

Hivyo basi, mgonjwa afikapo hospitali, kazi ina utaratibu wake. Kwanza, kiungo huchomwa sindano na ute wake hufyonzwa, na damu huchukuliwa, ili maabara iweze kuotesha vijidudu na kutambua ni dawa ipi inayoviua. Pili, mara tu baada ya hapo, mgonjwa huanzishiwa antibiotiki, kwa kawaida kwa njia ya mshipa, bila kungoja majibu ya maabara ambayo huchukua siku kadhaa. Tatu, usaha hutolewa, kwa sindano au kwa upasuaji, kwa sababu dawa peke yake haitoshi pale usaha ulipojaa. Majibu yakija, dawa hubadilishwa kulingana na kijidudu kilichopatikana.

Utaratibu huu una mizani mbili ambazo hapana budi zilingane. Dawa ikitangulia ute, vijidudu hufichwa, na daktari hubaki akipiga risasi gizani. Ndiyo maana vile vidonge vinne vya dukani vina madhara kuliko inavyodhaniwa: havitoshi kuponya, lakini vyatosha kuificha sura ya mwizi. Kwa upande mwingine, kuchelewesha dawa kwa sababu tu mtu wa kuchukua ute hajapatikana ni kumpa adui nafasi. Na endapo mgonjwa amezidiwa, shinikizo la damu limeshuka na fahamu zinapotea, maisha hutangulia kiungo: dawa hutolewa papo hapo.

Saa ina uzito mwingine tena katika chumba cha upasuaji. Mwaka 1961, John Burke wa Marekani alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba antibiotiki iliyotolewa kabla vijidudu havijaingia katika jeraha iliuzuia uambukizo, lakini iliyochelewa kwa saa tatu haikusaidia kitu. Mwaka 1992, utafiti wa wagonjwa 2,847 huko Salt Lake City ulithibitisha jambo hilo kwa binadamu: walioambukizwa kwa uchache kabisa ni wale waliopata dawa katika saa mbili kabla ya kisu. Dawa ileile ikitolewa mapema mno au baada ya upasuaji, faida yake ilipungua.

Jambo hili si la ng'ambo tu. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971 na kuwa tegemeo la rufaa kwa mikoa ya Kaskazini, ilijichunguza yenyewe na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Asilimia 19.4 ya wagonjwa wa upasuaji waliofuatiliwa, yaani watu 77, walipata uambukizo wa jeraha, na 28 kati yao waligundulika baada ya kurudi nyumbani. Hospitali inayothubutu kuhesabu makosa na kuyatangaza inastahili heshima. Hesabu hiyo yafundisha pia kwamba ulinzi wa mgonjwa hauishii kwenye lango la hospitali.

Baada ya swali la lini dawa ianze, huja swali la lini iishe. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba dawa ya mshipa kwa wiki nyingi ndiyo njia pekee ya kuaminika. Mwaka 2009, utafiti wa Finland uliohusu watoto 130 ulionyesha kwamba siku 10 za dawa zilitosha sawa na siku 30, ilimradi dawa ilianza vizuri na mtoto alionyesha kupona upesi. Mwaka 2019, utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 1,054 wa mifupa na viungo ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vema havikuwa duni kuliko dawa ya mshipa katika wiki sita za kwanza za matibabu. Haya yana faida kubwa kwa nchi ambayo kitanda cha hospitali ni mali adimu. Lakini yasigeuzwe kuwa kibali cha mgonjwa kujikatia dawa mwenyewe. Uamuzi wa kufupisha ni wa daktari aliyeyaona majibu ya maabara na kukipima kiungo.

Je, wajibu ni wa nani? Sehemu ni ya watumishi wa hospitali. Faili la mgonjwa wa namna hii halina budi lionyeshe saa tatu kwa maandishi: saa aliyofika, saa ute wake ulipotolewa, na saa dozi ya kwanza ilipoingia mwilini. Dozi iliyoandikwa saa 3 asubuhi ikatolewa saa 2 usiku ni dozi iliyochelewa saa 11, hata kama karatasi inasema mgonjwa ameanza matibabu. Kisichoandikwa hakipimwi, na kisichopimwa hakirekebishwi.

Sehemu nyingine ni ya mwalimu, ambaye humwona mtoto kila siku. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, au ambaye kiungo chake kimevimba na kina moto, asiambiwe aketi apumzike hadi kesho. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye zahanati au kituo cha afya, na kiungo hicho kisichuliwe. Sehemu nyingine tena ni ya mtumishi wa ofisi: ruhusa ya mzazi, barua ya rufaa na gari la wagonjwa visikae juu ya meza vikingoja mhuri. Barabara za milimani wakati wa masika zina utelezi wa kutosha. Zisiongezewe utelezi wa karatasi.

Mwaka 1973 Taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na wananchi wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujifunza kujikinga na maradhi. Walimu na watumishi wa umma ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kazi ile. Darasa la leo ni dogo zaidi, nalo lina somo moja tu: wakati ni sehemu ya dawa. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa usaha wa kiungo, atakayechelewa aweza kumkuta mwana ni wake, lakini mguu si wake tena.