Ngazi tatu mbele ya mulango: maneno yetu kwa vijana wa Likasi



Tuanze na mutoto mumoja wa Kikula. Jina lake hatutalitaja. Iko na miaka 9, miguu yake haitembei. Tangu mwaka wa kwanza mama yake alimubeba ku mugongo mupaka ku masomo. Mbele ya mulango wa darasa kuko ngazi tatu. Mwaka huu mutoto amekuwa muzito, mama amechoka, basi mutoto amebaki nyumbani. Mama alituambia: «Masomo ni bure, lakini mugongo yangu haiko bure.»

Ni juu ya zile ngazi tatu tunataka kuzungumuza leo.

Sheria hazikosekani. Katiba ya 2006, artikle 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima, na ni ya bure katika masomo ya Leta. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Artikle 24 inasema mutoto mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake. Tarehe 3 Mei 2022 tulipata sheria yetu wenyewe, namba 22/003. Karatasi ziko. Ngazi nazo ziko.

Na feza? Feza ya inchi zingine ilikuja. Mwaka 2015 Marekani na Uingereza zilianza kulipa pamoja programu ACCELERE!, yenye ilileta vitabu vya kusoma katika Kiswahili, Ciluba na Lingala, na ilifika mupaka huku Haut-Katanga. Mwaka 2020 Banki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 kwa ajili ya masomo ya Kongo. Sehemu yake ni zawadi, sehemu ni deni. Lile deni ni sisi vijana tutalilipa.

Hatutakana: ile feza ilisaidia. Haikuanguka kutoka mbinguni, ni kodi ya mushahara wa watu wanaoamuka asubui kama sisi. Lakini tuseme ukweli. Mara nyingi programu inahesabu watoto wenye kuwa ndani ya darasa: wangapi wanajua kusoma, wangapi wamepata kitabu. Mutoto mwenye kubaki nyumbani, nani anamuhesabu? Mutoto asiyeona, kitabu chake kiko wapi? Mutoto asiyesikia, nani amefundisha mwalimu wake lugha ya ishara?

Sasa ile feza yenyewe inapunguka. Mwaka 2025 Marekani ilifunga USAID. Mwaka uleule Uingereza ilitangaza kwamba mupaka 2027 musaada wake utashuka kutoka 0,5% mupaka 0,3% ya mapato ya inchi yake. Na katika Aprili 2025, kule Berlin, serikali nyingi ziliahidi kwamba angalau 15% ya programu za maendeleo katika kila inchi zitafikiria watu wenye ulemavu. Ahadi inapanda, feza inashuka. Tutangojea nini?

Wandugu, simameni pembeni ya barabara nambari 1 hapa Likasi. Hesabuni malori. Ile shaba, ile kobalti, iko na sheria pia. Kodi ya migodi ya 2018 inagawanya ile malipo tunaita redevance: 50% kwa Kinshasa, 25% kwa provensi, 15% kwa ville, komine, sekta ao cheferi yenye mugodi uko, na 10% kwa mufuko wa vizazi vyenye kuja. Vizazi vyenye kuja ni nani, kama si yule mutoto wa Kikula?

Kuondoa kizuizi cha ngazi tatu hakuombi ndege itoke Washington. Inaomba simenti, muchanga, mawe, na fundi mumoja kwa siku kidogo.

Basi tunaomba mambo tatu.

Kwanza, meya na wabugumesta wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru watangaze, kwa Kiswahili, redevance gani iliingia na ilifanya nini. Kama hakuna yenye iliingia, waseme vilevile.

Pili, kila komine ichague masomo moja ya kuanzia: njia ya muteremuko ku mulango, choo chenye mulango mupana, na mwalimu mwenye amefundishwa.

Tatu, wageni wenye bado wanasaidia, watuonyeshe majina ya masomo yenye walisaidia, na wakae kwanza na mashirika ya watu wenye ulemavu kabla ya kuandika programu.

Na sisi? Kuomba peke yake ni uvivu. Kila mumoja wetu apite ku avenue yake, nyumba kwa nyumba, aulize kwa heshima: kuko mutoto hapa asiyesoma juu ya mwili wake? Ahesabu ngazi za masomo ya jirani. Tuandike, tukutane, tupeleke ile daftari ku komine kwa mikono yetu, bila fujo, bila kuogopa.

Mama mumoja alibeba kwa muda murefu. Zamu yetu imefika.