Mashine Ndogo za Kuchomelea Vyuma



Kahawa mbivu hupaswa kumenywa siku ileile iliyochumwa. Fremu ya mashine ya kumenyea ikikatika wakati wa mavuno, kahawa haimngoji fundi wa Mbeya mjini. Ndipo chama huona haja ya kuwa na mashine yake ya kuchomelea.

Mashine ya zamani ina transfoma kubwa na nzito. Ile ya inveta hukatakata umeme kwa transista mara maelfu mengi kwa sekunde. Kwa hiyo transfoma yake ni ndogo, na mtu mmoja huibeba begani. Nyingi hutumia umeme wa kawaida wa volti 230.

Hata hivyo, wepesi huo una masharti.

Kwanza, kibao chake kisomwe. Kikionyesha ampea 200 kwa asilimia 60, maana yake ni kuchomelea dakika 6 na kupumzika dakika 4.

Pili, feni yake huvuta vumbi la chuma, nalo huharibu saketi. Isiwekwe mahali panaposagwa chuma.

Tatu, ya zamani ikiungua husukwa nyaya upya. Hii huhitaji fundi wa elektroniki na vipuri. Katibu aulize kwanza vitapatikana wapi. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Mbeya.

Majibu hayo yafikishwe mkutano mkuu pamoja na bei, kwani fedha ni za wanachama. Mashine ikishanunuliwa, iandikwe katika daftari la mali, na mtunzaji wake aipokee kwa sahihi.