Abiria Apewe Sauti

Matatu inakata kona kwa kasi, inalipita lori, na abiria kimya. Kila mmoja ana hofu, lakini akiwatazama wenzake anawaona wametulia, naye anameza maneno. Ukimya huo unagharimu maisha.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani, aliwaonyesha vijana mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini wenzao, waliopangwa kwa siri, walipotoa jibu la uongo kwa sauti moja, takriban robo tatu ya vijana hao walilifuata angalau mara moja. Alipokuwepo mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua mno.

Hapa Kenya tuna ushahidi wa karibu zaidi. Watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu za safari ndefu, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha madai ya bima yakipungua kwa takriban nusu. Kwa stika tu! Abiria alipata ruhusa aliyokuwa akiingoja kwa wenzake, na dereva akajua kwamba wanaweza kusema.

Polisi na vidhibiti mwendo vinahitajika, sipingi. Lakini askari yuko kwenye kizuizi cha barabarani. Abiria wako garini safari nzima. Sacco za matatu zibandike stika hizo katika kila gari, kabla ya msongamano wa safari za Desemba.